Springla za Moto: Namna ya Kukagua Zilizo Katika Jengo Lako

Mpangaji au mnunuzi wa nyumba jijini Nairobi anapotembezwa katika jengo jipya, hutajiwa springla, yaani vichwa vya darini vinavyonyunyiza maji moto unapozuka, pamoja na lifti, jenereta na kamera za usalama, na mazungumzo huishia hapo. Kuziona darini si ushahidi kwamba zitazima moto. Kinachozima moto ni maji yaliyo nyuma yake, na katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa zamu, hilo ndilo jambo la kuulizia kwanza.

Anza kwa kutazama kichwa chenyewe cha springla. Katikati yake kuna kichupa chembamba cha kioo chenye kioevu cha rangi, nacho ndicho kinachokishikilia kizibo mahali pake. Joto likipanda, kioevu hutanuka hadi kioo kikapasuka, kizibo kikatoka, na maji yakagonga kisahani cha chuma kinachoyatawanya chumbani. Rangi huonyesha joto la kupasukia: chungwa ni nyuzi 57 za Selsiasi, nyekundu 68, manjano 79, kijani 93 na samawati 141. Sebuleni na ofisini aghalabu utakuta nyekundu, lakini ukiikuta juu ya majiko ya hoteli, ama chini kabisa ya paa la mabati linalochomwa na jua mchana kutwa, muulize msimamizi ni kwa nini haikuwekwa ya joto la juu zaidi.

Kila kichwa hufunguka peke yake. Sinema zimewazoesha watu kuona jengo zima likilowa kwa sababu ya njiti moja ya kiberiti, ilhali katika mfumo wa kawaida maji humwagika pale tu penye joto, na moshi wa nyama iliyoungua hauwezi kukifungua kichwa hata kimoja. Msingi huo ni wa zamani: Mmarekani Henry Parmelee alipata hataza ya springla yake mwaka wa 1874, akiwa na kiwanda cha piano cha kukinga.

Sasa nenda kwenye tangi. Springla ya kipimo cha K80, ambacho ni cha kawaida, hutoa lita 80 kwa dakika presha inapokuwa bar 1. Vichwa vinne vikifunguka kwa nusu saa vitatumia lita 9,600, yaani karibu tangi zima la plastiki la lita 10,000 kama yale meusi yanayoonekana juu ya paa nyingi za Nairobi. Ghala au duka lililojaa bidhaa huhitaji maji mengi zaidi ya hayo. Kwa hiyo muulize msimamizi kama maji ya kuzimia moto yametengwa na ya kuogea na kufulia. Ikiwa tangi ni moja, bomba la matumizi ya nyumbani linapaswa kutoka juu ya kiwango cha akiba na bomba la springla litoke chini, ili wapangaji wakimaliza maji yao siku ya mgao, akiba ya kuzimia moto ibaki bila kuguswa. Jambo hili huonekana kwa macho, wala halihitaji mhandisi.

Usitosheke pia ukiambiwa kwamba tangi liko juu ya paa. Kila mita 10 za kimo huleta takriban bar 1 tu, hivyo ghorofa iliyo karibu kabisa na tangi ndiyo yenye presha hafifu, na bila pampu springla zake hazitanyunyiza ipasavyo.

Katika chumba cha pampu, tazama geji ya presha: sindano ikiwa kwenye sifuri, mfumo haufanyi kazi, na hapo hakuna la kujadili. Pampu ndogo ya kudumisha presha ikiwaka na kuzima kila mara, huenda kuna mahali panapovuja. Pampu kubwa ya umeme inahitaji mwenzake wa dizeli, au jenereta inayoweza kuiendesha, kwa kuwa moto mara nyingi huenda sambamba na kukatika kwa stima. Ile ya dizeli huwashwa kila wiki kwa nusu saa hivi, na daftari la majaribio hayo linapaswa kuwapo. Mwisho, angalia vali kuu. Inatakiwa iwe wazi na ifungwe kwa mnyororo na kufuli katika hali hiyo, kwa sababu fundi aliyeifunga ili arekebishe bomba akisahau kuifungua, jengo zima hubaki bila kinga na hakuna atakayegundua.

Ndani ya vyumba, makosa ni ya watu. Fundi wa rangi hupaka dari pamoja na kichwa, na kichwa kilichopakwa rangi hubadilishwa, hakisuguliwi. Mpangaji hutundika nguo juu yake. Katika maduka ya kati ya jiji yaliyogawanywa kwa mbao hadi darini, springla iliyokusudiwa ukumbi mzima hujikuta ikilinda kibanda kimoja huku majirani wakibaki bila kitu. Ukuta mpya ukijengwa, mabomba nayo yapangwe upya. Bidhaa zikae angalau nusu mita chini ya kichwa.

Zipo kazi ambazo springla haizifanyi. Haifungi mtungi wa gesi unaovuja, haichukui nafasi ya kengele ya moshi, na haifungui mlango wa dharura uliotiwa kufuli. Toka, kisha upige 999. Kwa sehemu za kazi, kanuni za Kenya za mwaka wa 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila mwaka, kwa hiyo mwajiri anaweza kuombwa ripoti.

Springla ikishafunguka, vali isifungwe mpaka zimamoto wathibitishe kwamba moto umekwisha. Kichwa kilichopasuka huwekewa kipya cha aina na joto lile lile kutoka kwenye kisanduku cha vichwa vya akiba, vali hufunguliwa tena, na geji husomwa kabla ya fundi kuondoka.