Ekari ya mikorosho: usiisuse mwaka wa pili

Ukitaka ekari ya mikorosho Newala au Nachingwea, jihesabie miaka kabla hujashika jembe. Tia mbegu kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa. Chimba mashimo 28, mita 12 kwa 12, na mvua za Desemba zikishika panda mbegu tatu kila shimo, kisha bakiza mche mmoja wenye nguvu.

Kazi yenyewe ni mwaka wa pili. Mche uko magotini, hela haionekani, nyasi zimeufunika. Hapo ndipo wengi wanaususa. Kiangazi moto wa jirani anayesafisha shamba unapita, na asubuhi unakuta vijiti vyeusi. Inauma sana. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, na nyasi zikianza kukauka lima ukanda wa mita 3 kuzunguka mpaka wote wa shamba, ubaki udongo mtupu, moto usivuke. Katikati panda karanga au mbaazi: zitakurudisha shambani kila wiki, na mikorosho inapona kwa sababu hiyo. Mche ukifa, ziba pengo mvua zinazofuata.

Korosho za kwanza huja mwaka wa tatu hadi wa tano. Maua yakifunikwa na unga mweupe, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Puliza dawa ya unga ya salfa alfajiri, umande ukiwapo.