Kivinjari Kinapozuia Ombi: Kutatua Hitilafu za CORS Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamhusu msanidi ambaye programu yake hutuma maombi chinichini kwa fetch (amri ya JavaScript ya kuiomba seva data), bila ukurasa kupakiwa upya, na ambaye konsoli ya kivinjari inamweleza kwa maandishi mekundu kwamba ombi limezuiwa na sera ya CORS, yaani kanuni inayoamua iwapo ukurasa wa anwani moja unaweza kusoma majibu ya seva ya anwani nyingine. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja hapa Nairobi anayeunda mfumo wa kuweka nafasi katika sako ya matatu. API yake, yaani sehemu ya seva inayojibu maombi ya programu, ilijibu vizuri alipoijaribu kwa curl (zana ya kutuma maombi bila kivinjari), lakini kila alipoiita kutoka kwenye ukurasa wake ilikataliwa. Jambo hilo halina ajabu, kwa kuwa curl haitekelezi sera hiyo. Kivinjari ndicho kinachoitekeleza.

Hatua ya 1: Linganisha anwani mbili

Linganisha anwani ya ukurasa na ya API: kivinjari hutazama itifaki, jina la seva na poti. Kimoja kikitofautiana, hizo ni asili (origin) mbili. Kwa hiyo http://localhost:3000 na http://localhost:8000 ni wageni kwa kila mmoja, hata kama zote zimo ndani ya kompyuta yako.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba kosa ni la CORS kweli

Fungua tabo ya Network usome msimbo wa hali. Ukiona 500, yaani hitilafu ndani ya seva, rekebisha kwanza msimbo wa seva, kwa sababu mara nyingi programu iliyoanguka hutoa jibu lisilo na vichwa vya CORS (mistari ya maelezo inayotangulia jibu), kisha kivinjari kikalalamikia vichwa hivyo badala ya kosa lenyewe. Katika Nginx, programu ya seva ya wavuti, kichwa cha agizo la add_header hakiwekwi kwenye majibu ya makosa usipoongeza neno always mwishoni. Kwa kazi hii mimi hupendelea Firefox, kwa kuwa hutaja sababu ya kukataa waziwazi.

Hatua ya 3: Chunguza ombi la awali

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea. Ombi likiwa na kichwa cha Authorization, likibeba JSON, au likitumia PUT au DELETE, kivinjari hutanguliza ombi la OPTIONS ili kuiuliza seva iwapo inaruhusu. Liige mwenyewe:

```
curl -i -X OPTIONS https://api.example.com/nafasi \
  -H "Origin: https://example.com" \
  -H "Access-Control-Request-Method: POST" \
  -H "Access-Control-Request-Headers: authorization,content-type"
```

Kijana yule alipata 401, yaani hajatambuliwa. Ombi la awali halibebi tokeni (kitambulisho cha mtumiaji) kamwe, ilhali seva yake ilikuwa imepanga ukaguzi wa tokeni utangulie kila kitu, hivyo ikamfukuza mjumbe aliyetumwa kubisha hodi tu. Ushughulikiaji wa CORS sharti utangulie ukaguzi wa utambulisho, na OPTIONS ipewe jibu la 200 au 204.

Jibu hilo halipaswi kuwa la kuelekeza kwingine. Ikiwa seva hugeuza /nafasi kuwa /nafasi/ au http kuwa https, ombi la awali litashindwa, kwa hiyo andika anwani kamili tangu mwanzo. Thamani ya Access-Control-Allow-Origin, kichwa kinachotaja asili inayoruhusiwa, nayo haiishii kwa mkwaju (/): https://example.com/ hailingani na https://example.com. Aidha, alama ya nyota katika Access-Control-Allow-Headers haijumuishi Authorization, ambayo lazima itajwe kwa jina. Mwisho, usiweke vichwa hivi katika Nginx na katika programu kwa wakati mmoja, kwa kuwa jibu lenye Access-Control-Allow-Origin mara mbili hukataliwa. Mimi huviweka ndani ya programu pekee, ambako mabadiliko yake yanaonekana kwenye Git.

Unapojaribu tena, kumbuka kwamba Access-Control-Max-Age hukifanya kivinjari kihifadhi jibu la awali. Chrome huishia sekunde 7200, Firefox 86400. Zima akiba (cache) ya kivinjari kabla ya kudhani kwamba marekebisho yako yamegonga mwamba.

Hatua ya 4: Vidakuzi

Ikiwa ombi linapaswa kubeba vidakuzi (cookies), weka credentials: 'include' upande wa kivinjari na Access-Control-Allow-Credentials: true upande wa seva, kisha utaje asili kamili badala ya nyota. Ukiruhusu asili kadhaa, ongeza Vary: Origin, ili akiba isitoe jibu la asili moja kwa asili nyingine.

Hatua ya 5: API isiyo yako

Wengi hukimbilia mode: 'no-cors', inayoficha kosa na kukurudishia jibu usiloweza kulisoma. Wengine husakinisha kiendelezi cha kuzima ulinzi, ambacho wateja wao hawana. Njia zote mbili sizipendekezi hata kwa majaribio.

Kwa malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, usiite API kutoka kwenye kivinjari kabisa. Consumer Key na Consumer Secret, funguo zinazotambulisha programu yako kwa Daraja, zikiingia kwenye JavaScript ya ukurasa, yeyote anayeufungua anaweza kuzisoma. Ukurasa uombe seva yako, nayo seva ichukue tokeni, inayodumu sekunde 3600, na ianzishe STK Push, yaani ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja. Matokeo ya malipo hutumwa kwenye CallBackURL, anwani ya seva yako uliyoitaja katika ombi, kutoka seva hadi seva, kwa hiyo CORS haihusiki hapo. Yasipofika, kagua kwanza kama anwani hiyo inafikika kutoka intaneti, kwa sababu localhost haitafikika.