Namna ya Kuvimudu Vihusishi vya Kijerumani kwa Waongoza Wageni wa Lamu

Mwongoza wageni wa Lamu anayejifunza Kijerumani hukwama mapema kwenye vihusishi, kwa kuwa kila kihusishi huitaka nomino inayokifuata iwe katika hali maalumu, na hali hiyo hudhihirika kwenye kibainishi chake, yaani neno dogo der, das au die linaloitangulia nomino. Der huwa den katika akusativi (hali ya mtendwa) na dem katika dativi (hali ya mtendewa). Das haibadiliki katika akusativi lakini huwa dem katika dativi. Die nayo hubaki die, kisha huwa der. Kwa hiyo usihifadhi nomino yoyote bila kibainishi chake.

Durch, für, gegen, ohne na um hufuatwa na akusativi daima, ilhali aus, bei, mit, nach, seit, von na zu hufuatwa na dativi daima. Vihifadhi kwa sauti, kama watoto wa chuoni wahifadhivyo sura fupi.

Kazi kubwa imo katika hivi tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor na zwischen, ambavyo huchukua akusativi au dativi kwa kufuata maana. Sisi tumezoea kiambishi -ni kitutoshelezee pande zote mbili, tukasema twaenda ufuoni na tuko ufuoni. Mjerumani husema Wir gehen an den Strand, kisha Wir sind am Strand, ambapo am ni an dem. Wengi hufundishwa kwamba mwendo huleta akusativi, na kanuni hiyo naiona inapotosha, kwa sababu wageni wanaotembea ufuoni Shela wamo katika mwendo na bado husema Wir laufen am Strand. Jiulize badala yake: je, kitendo kinamfikisha mtu mahali ambapo hakuwapo? Kikimfikisha, tumia akusativi. Kama tayari yupo, tumia dativi.

Jizoeze ukiwa kazini. Posta ya Wajerumani mjini Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa 1891, leo ni makumbusho. Mkiwa njiani sema Wir gehen zum Museum (zum ni zu dem), kwa dativi, maana zu haiingii katika swali lile. Mkisimama mbele yake, Wir stehen vor dem Museum. Mnapoingia, Wir gehen ins Museum, ambapo ins ni in das. Mkishakuwa ndani, Wir sind im Museum, ambapo im ni in dem.

Während (wakati wa), wegen (kwa sababu ya) na trotz (licha ya) hutaka genitivi, yaani hali ya umilikaji. Katika mazungumzo Wajerumani wengi huweka dativi baada ya wegen, ila unapomwandikia mgeni kwamba safari ya mashua imeahirishwa kwa sababu ya mvua, andika wegen des Regens.