Fildi kwenye afisi ya wakili Zanzibar: anza na barua ya karatasi

Nilipokuwa mwaka wa pili wa sheria huku Uingereza nilituma barua pepe kumi na moja kwa afisi za mawakili wa Unguja, kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Kila moja nilifungasha wasifu wa kurasa mbili na maelezo niliyoyanyoosha mpaka usiku wa manane. Hakunijibu hata mmoja. Ami yangu wa Mkunazini aliposikia alicheka. "Mwanangu, hizo anazisoma nani? Nipatie barua ya chuo chako, niipeleke mwenyewe." Aliipeleka Jumatatu. Alkhamisi nikapigiwa simu.

Utasema ni kujuana. Sikatai, ami alisaidia. Lakini nilipokaa ndani ya afisi ile miezi miwili niliona na jambo jengine. Afisi nyingi za mawakili kwetu ni ndogo: mawakili wawili watatu, karani, na kijana wa kupeleka hati. Hakuna kitengo cha kuajiri wala siku ya kufunga maombi. Barua pepe inazama chini ya hati za wateja na hakuna wa kuulizwa imekwenda wapi. Barua ya karatasi ina njia yake. Karani anafungua daftari kubwa, anaandika namba na tarehe, anagonga muhuri, anaitia kwenye faili la wakili. Tangu hapo kuna mtu anayedaiwa jibu. Kwa hivyo mpe mjumbe wako nakala mbili, na ya pili irudi na muhuri wa kupokelewa. Ukipiga simu baada ya wiki mbili, taja tarehe ya muhuri huo.

Ndani ya bahasha weka barua ya utambulisho ya chuo, yenye mwaka wako wa masomo na tarehe za kuanza na kumaliza, pamoja na barua yako mwenyewe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye jina la wakili mwenye afisi. Wasifu ukurasa mmoja unatosha. Usijaze vilabu vya mijadala. Andika kama unasoma Kiswahili cha kisheria, kama unapiga chapa, na kama umewahi kushughulika na mirathi au ardhi, maana hayo ndiyo yanayojaza makabati yao.

Sasa wakati. Afisi kubwa za London zinaokota wanafunzi kwa msimu. Fomu za mafunzo ya likizo ya kiangazi hufunguliwa vuli na nyingi hufungwa Disemba au Januari, kisha unakuja mtihani wa Watson Glaser, unaopima namna unavyochambua hoja, mahojiano ya video na siku nzima ya kupimwa. Nafasi za mafunzo ya miaka miwili hugaiwa mapema, mara nyingi miaka miwili kabla ya kuanza kazi. Maliza fomu hizo kwanza. Barua ya Zanzibar ifike Januari, kwa sababu Ramadhani miaka hii inaangukia karibu na Februari na saa za kazi hupungua, na baada ya Idi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu watakuwa wanagonga milango hiyo hiyo.

Usiangalie afisi binafsi tu. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kinatoa msaada wa kisheria na kina afisi Chake Chake pia, kwa hivyo Mpemba halazimiki kulala kwa watu Unguja. Kwa mahakama, andika kwa Mrajis.

Hili la pasi ya kusafiria wengi wanalipuuza. Tanzania hairuhusu uraia pacha. Kama umeshachukua uraia wa Uingereza, kwa Uhamiaji wewe ni mgeni, hata kama bibi yako amezaliwa na kuzikwa Donge. Viza ya utalii haikuruhusu kukaa afisini kufanya kazi, hata ya bure. Iombe afisi iulize Uhamiaji kuhusu kibali kabla hujanunua tiketi. Na mshahara usiutarajie. Mimi nilipewa chakula cha mchana na nauli ya daladala kwenda Tunguu, Mahakama Kuu iliko siku hizi.

Siku ya kwanza wakili alinipa kazi ya mteja ambaye jina la cheti cha kuzaliwa halikulingana na la pasi. "Andika kiapo." Nikaandika, "Mimi ninapenda kuthibitisha kwamba..." Akachukua kalamu nyekundu, akafuta mstari mzima, akaandika juu yake: "Mimi, mtu mzima, Muislamu, mkaazi wa Jang'ombe, naapa na kueleza kama ifuatavyo." Miaka miwili ya chuo haikunisaidia kitu pale. Kabla ya kusafiri, omba jamaa akupigie picha hati ya kiapo ya zamani, uisome mpaka ikae ulimini.

Ukitaka siku moja kusimama mahakamani kwetu, jua kuwa Zanzibar ina orodha yake ya mawakili na chama chake. Kuandikishwa Bara peke yake hakutoshi.

Mwisho, jambo lililoniuma. Tangu mfumo wa SQE, mitihani ya kufuzu usolisita, uanze Uingereza 2021, anayetaka kuwa solisita, yaani wakili wa huko, anahitaji miaka miwili ya uzoefu wa kazi za sheria, anaweza kuikusanya kwenye afisi zisizozidi nne, na za ng'ambo zinakubaliwa. Sharti ni kuwa solisita wa England na Wales athibitishe. Si lazima awe wa afisi hiyo, ila kama ni wa nje, awe ameipitia kazi yako na kupata maoni ya msimamizi wako. Mimi nilikuja kulitaja siku ya kuaga. Wakili akaweka kikombe chake chini. "Mbona hukusema tokea mwanzo? Hapo Shangani yupo mwenzangu aliyekuwa solisita huko huko. Ningekuwa nampelekea kazi zako kila wiki."