Namna ya kuchagua wakati wa kupanda dengu katika mashamba ya mbuga

Katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, pamoja na wilaya za Nzega na Igunga, dengu hupandwa mvua zinapokwisha na hukua kwa unyevu uliobaki katika udongo mweusi wa mbuga. Kwa kuwa hakuna mvua ya kutegemewa baadaye, siku ya kupanda ndiyo inayoamua maji ambayo mmea utapata hadi kukomaa.

Hatua ya 1. Mpunga au mahindi yakishavunwa, ondoa magugu mapema, kwani hunywa maji yale yale yanayosubiriwa na dengu. Usilime kabla hujawa tayari kupanda, maana udongo uliofunuliwa hukauka upesi.

Hatua ya 2. Pima unyevu. Muda unaofaa huangukia kati ya mwisho wa Machi na Mei, lakini kalenda peke yake haitoshi, kwa sababu ukingo wa mbuga hukauka kabla ya bondeni, hata katika shamba moja. Chimba kwa jembe kina cha kiganja, chukua udongo, uufinye. Ukinata vidoleni na kung'aa maji, subiri; ukifanya bonge na kuachia kiganja, panda; ukimomonyoka, umechelewa. Anza ukingoni, ukishuka bonde kadiri linavyokauka.

Hatua ya 3. Fukia mbegu sentimita 5 hadi 8, mistari ikiachana sentimita 30 na mbegu sentimita 10, kisha kandamiza kwa mguu ili mbegu ishikane na udongo wenye unyevu.

Hatua ya 4. Soma matokeo shambani. Dengu iliyopandwa mapema mno, kwenye tope, hukosa hewa mizizini, mbegu nyingi huoza, na miche inayopona huwa ya manjano kwa kuwa vinundu vya mizizi, yaani vivimbe vidogo vinavyoupatia mmea nitrojeni, havifanyi kazi vizuri. Iliyochelewa huchanua ikiwa bado fupi, unyevu humalizika wakati wa kujaza punje, maua hupukutika, na maganda mengi hubaki matupu au yenye punje zilizosinyaa. Nikilazimika kuchagua, heri kuchelewa siku chache kuliko kupanda topeni, kwani mmea mfupi bado utazaa kidogo.

Hatua ya 5. Maua yakianza, kagua maganda machanga kila baada ya siku chache: tundu la mviringo ni alama ya funza wa vitumba, na dawa hufaa akiwa bado mdogo, kabla hajajificha ndani.