SOMO: Kuiwasha sefesi grinda ya haidroliki ya mtumba ukiwa nyumbani

Wakuu, ujumbe ninaopata ni uleule: "Nimenunua sefesi grinda ya mtumba, mota inanguruma lakini meza haitembei, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza kitu ambacho kimo kwenye somo nitamrudisha kusoma. Asinune.

Nazungumzia sefesi grinda, yaani mashine za kusaga uso wa chuma uwe bapa, ambazo meza yake inasukumwa na oili, jiwe la kusagia la inchi 7 au 8. Mfano wangu ni Jones & Shipman 540 ya Leicester, Uingereza, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Kama yako ni ya Japani au Taiwani, viungo ni vilevile, utavikuta tu mahali tofauti.

1. Kuihamisha. Hesabu tani moja. Inyanyue kwa msingi wake, usiifunge kamba mezani wala kwenye kichwa cha jiwe. Teremsha kichwa kikalie kipande cha mbao, funga meza isitembee.

2. Mahali. Sakafu ya zege, pasipovuja, mbali na unapochomelea.

3. Kusafisha. Mafuta ya taa, brashi na matambara. Kompresa iache ilipo. Ukipuliza, vumbi la jiwe linaingia kwenye njia za meza (reli inazotelezea) na kwenye beringi, na likishaingia halitoki, linasaga chuma kila meza inapokwenda na kurudi.

4. Oili ya njia za meza. Fungua vibomba kimoja kimoja uhakikishe kila kimoja kinatoa tone. Kisichotoa kizibue sasa, siyo baada ya meza kukwaruzika.

5. Tanki la haidroliki. Mwaga oili yote ya zamani hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Futa tope la chini kwa tambara lisiloacha nyuzi, toa chujio la upande wa kunyonya ulioshe. Watu wanasahau hilo chujio kwa sababu limezama ndani ya tanki, halafu wanailaumu pampu. Soma kibao cha mashine kinataka oili gani. Kama kibao kimeng'oka, anza na haidroliki namba 32 (namba ni uzito wa oili). Dukani watakurushia 68 kwa kuwa ndiyo inayotoka. Kataa.

6. Umeme. Nyumba nyingi zina fezi moja, volti 230, na mashine inataka fezi tatu. Njia nafuu ni VFD, kifaa cha kielektroniki kinachobadili fezi moja kuwa tatu na kudhibiti spidi ya mota, lakini ielewe: VFD inayoingiza volti 230 za fezi moja inatoa fezi tatu za volti 230. Haitoi 400. Kwa hiyo soma kibao cha mota kabla hujatoa pesa. Nyota na delta ni njia mbili za kuunganisha koili za mota. Ukiona 220–240 kwa delta na 380–415 kwa nyota, una bahati: fungua kiboksi cha mota, hamisha vipande vya shaba kutoka nyota kwenda delta. Ukiona 415 peke yake na waya tatu tu zinatoka, fungo la nyota limezikwa ndani ya koili. Mpelekee fundi wa kusuka mota mzoefu, mwambie alifungue na kukutolea waya zote sita. Kabla ya yote, mota iliyokaa miaka kwenye unyevu ipimwe insulesheni kwa mega (kipimo cha insulesheni ya waya).

Mota ya jiwe na mota ya pampu zipe kila moja VFD yake. Sumaku (ile inayoshika kazi, yaani kipande unachosaga, juu ya meza), taa na pampu ya maji ya kupoozea usizitundike huko. Na ukizima VFD ili uguse waya, subiri kapasita zake zitulie kwa muda ulioandikwa kwenye kava lake.

7. Mwelekeo wa mota ya pampu. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo pampu yangu ya kwanza ilipokufa.

Pampu nyingi za mashine hizi zimetengenezwa kuzunguka upande mmoja tu. Kwenye pampu ya gia ya aina hiyo, sili ya shafti inapumulia upande wa kunyonya, ambako hakuna presha. Ukiizungusha kinyume, upande wa kunyonya unageuka kuwa wa kusukuma, na presha yote inakwenda kuisukuma sili ambayo haikuumbwa kuibeba. Unasikia mlio mkavu, meza haisogei, wewe unaongeza spidi ukidhani haina nguvu, na ghafla oili iko sakafuni. Gia nazo zinakuwa zimezunguka bila oili muda wote huo.

Kwa hiyo USIWASHE pampu ikiwa imeunganishwa na mota ambayo hujui inazunguka wapi. Toa kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) au mkanda. Gusa swichi, achia papo hapo, tazama shafti inavyomalizia kuzunguka. Linganisha na mshale ulio kwenye pampu. Kama ni kinyume, badilisha waya mbili zozote kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota. Usigeuze kwa kitufe cha VFD ukaona umemaliza, maana kesho mtoto au msaidizi wako atabonyeza. Geuza kwa waya, kisha funga kabisa uwezo wa rivasi kwenye mipangilio. Halafu mimina oili ndani ya pampu yenyewe kupitia tundu la kunyonya, zungusha shafti kwa mkono mpaka uhisi imeshika, ndipo urudishe kapulingi.

Mota ya jiwe ni hivyo hivyo, na jiwe liwe limeshatolewa. Spindo (shafti inayobeba jiwe) ikizunguka kinyume inaweza kuilegeza nati ya jiwe. Mkiniuliza "kwani ni lazima?" nitawaonyesha aya hii.

8. Kutoa upepo. Koki ya spidi iwe chini kabisa, vizuizi vya kugeuzia meza uvisogeze mwisho ili silinda iende urefu wake wote. Washa, acha iende na kurudi. Itarukaruka mwanzoni, ni upepo. Kama kuna skrubu za kutolea upepo kwenye silinda, legeza kidogo mpaka oili itoke bila mapovu. Angalia tanki, ongeza oili, maana kiwango kitashuka.

9. Jiwe. Jeupe, namba 46 (ukubwa wa chembe), ugumu H hadi J, linafaa chuma kigumu cha kawaida. Litundike kwa kidole, ligonge kwa mpini wa mbao: zima linalia kwa sauti safi, lenye ufa linatoa sauti butu. Lenye ufa livunje kwa nyundo ili asije mwingine akaliokota. Karatasi za pembeni zisitolewe. RPM iliyoandikwa kwenye jiwe iwe juu ya ya spindo. Kava lifungwe, washa, simama pembeni dakika nzima.

10. Almasi na sumaku. Ipashe mashine moto nusu saa, pampu na jiwe vyote vikitembea, kabla ya kusaga chochote cha maana. Chonga jiwe kwa almasi, milimita 0.02 kila mpito, almasi ikae kidogo upande cheche zinakokwenda na iinamie upande huohuo. Kisha saga uso wa sumaku yenyewe ikiwa imewashwa, kwa 0.005, maji ya kutosha. Kuanzia hapo, kila kazi unayoweka ivute kwa mkono uone sumaku imeishika, kabla ya kuwasha jiwe.

Maswali karibuni.

---

Nyundo_Nzito: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi nina oili ya injini SAE 40 nyingi tu hapa gereji, naweza kuweka hiyo kwenye haidroliki?

Mwandishi: Hatua ya 5. Hapana. SAE 40 uzito wake ni karibu na haidroliki namba 150, meza itatambaa. Isitoshe oili ya injini ina sabuni inayoshikilia maji na uchafu badala ya kuviacha vizame chini ya tanki.

Nyundo_Nzito: Lakini kuna jamaa anaitumia na inatembea.

Mwandishi: Basi muulize yeye.

Kijana_wa_Gereji: Naweza kusagia silinda hedi ya Noah?

Mwandishi: Hedi ya aluminiamu. Sumaku. Fikiria.

Kijana_wa_Gereji: Duh, sawa mkuu, nimeelewa 😂 Na nikiikamata kwa klampu?

Mwandishi: Kuikamata unaweza. 540 inasaga takribani inchi 18 kwa 6, kwa hiyo pima hedi yako kwanza. Pia aluminiamu inajaza matundu ya jiwe, na jiwe lililojaa halisagi, linasugua na kuchoma. Kazi hiyo wapelekee wenye mashine ya hedi.

Mkamba_Machinist: Fundi, salamu kutoka Machakos. Pampu yangu haina mshale, kibao kilitolewa. Nitajuaje inazunguka upande upi bila kuiharibu?

Mwandishi: Swali zuri, kaka. Tafuta bomba la kunyonya: mara nyingi ndilo nene, na ndilo linaloteremka kwenye chujio ndani ya tanki. Sasa, kama ni pampu ya gia, kumbuka oili haipiti katikati gia zinapokutana. Inabebwa na meno kuzunguka nje, ikisuguana na ukuta wa pampu. Kwa hiyo tazama gia yenye shafti: meno yake ya upande wa ukutani, yaani mbali na gia mwenzake, lazima yatoke upande wa kunyonya yakienda upande wa kusukuma. Chora kwenye karatasi utaona mara moja. Hakikisha kwa mkono: pampu ikiwa nje, weka oili, zungusha shafti taratibu huku kidole kikiziba tundu la kutolea. Upande sahihi utakisukuma kidole.

Mkamba_Machinist: Imekubali! Kidole kimesukumwa. Asante sana Fundi.

Bi_Mikroni: Habari kaka. Yangu inatembea vizuri ila kazi inatoka na mawimbi madogo, ukiielekeza kwenye mwanga unayaona yamepangana sawasawa. Nimechonga jiwe mara kadhaa, bado. Nimeshindwa kujua nianzie wapi.

Mwandishi: Dada, kama yamepangana sawasawa umerahisishiwa kazi. Pima umbali kati ya wimbi na wimbi, kisha pima meza inakwenda mita ngapi kwa dakika. Tuseme meza inakwenda mita 10 kwa dakika na spindo ni RPM 2,800. Milimita 10,000 gawanya kwa 2,800, unapata kama 3.6. Mawimbi yakiwa ya 3.6, kinachotikisa kinazunguka pamoja na jiwe: balansi ya jiwe, au flanji (sahani zinazolibana jiwe) ina uchafu. Yakiwa karibu 7, angalia kitu cha RPM 1,440 hivi, yaani mota ya pampu ya haidroliki. Njia nyingine ya kuhakikisha hiyo: saga mpito mmoja kwa kuisukuma meza kwa mkono, pampu ikiwa imezimwa, kama mashine yako inaruhusu.

Bi_Mikroni: Nimepima. Mawimbi kumi yana milimita 69, na meza nimeiweka kwenye hiyo 10.

Mwandishi: 6.9. Mota ya pampu hiyo. Angalia raba za kapulingi kama zimeliwa, na kama mota imefungwa kwenye mwili wa mashine bila raba chini. Mabomba magumu yanayogusa bodi nayo yanapeleka mtetemo.

Bi_Mikroni: Raba ya kapulingi imebaki nusu. Sikuwahi hata kuifikiria. Ubarikiwe.

Fezi_Moja: Jiwe langu limemeguka kidogo ukingoni, nikilichonga na almasi mpaka palipomeguka pawe sawa si litafaa?

Mwandishi: Hatua ya 9.

Fezi_Moja: Nimesoma, haijasema kumeguka, imesema ufa.

Mwandishi: Kilichomegua kinaweza kuwa kimeacha ufa usiouona. Jiwe la milimita 200 kwa RPM 2,800, ukingo wake unakwenda mita 29 kwa sekunde. Nunua jingine.

Mzee_Lathe: Somo safi kijana wangu. Umeacha jambo moja. Sumaku ya umeme nyumbani ni hatari, umeme ukikatika ghafla sumaku inaachia kazi na jiwe bado linazunguka. Mimi nimeweka sumaku ya kudumu, ile ya mpini.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kweli kabisa, ilipaswa iwe kwenye hatua ya 10. Wenye sumaku ya umeme, zungushieni kazi vipande vya chuma vyenye kimo kifupi kuliko kazi, hasa upande cheche zinakokwenda, vipate kuizuia. Na stata (swichi ya kuwashia mota) iwe ile isiyowasha yenyewe umeme ukirudi.

Mzee_Lathe: Marahaba. Hilo la stata ni muhimu zaidi.

Bi_Mikroni: Samahani kurudi tena. Maji ya kupoozea mnachanganyaje? Yangu yananuka baada ya muda.

Mwandishi: Kwa kusaga, anza na sehemu 1 ya oili ya kupoozea kwa 40 za maji, halafu fuata maelezo ya kopo. Mimina oili ndani ya maji huku unakoroga, usimimine maji ndani ya oili, hayatachanganyika vizuri. Harufu inaletwa na bakteria, nao wanapenda ile oili ya njia za meza inayoelea juu. Ikwangue kila unapomaliza kazi.

Mkamba_Machinist: Niongeze hapo. Mimi natumia sumaku za spika mbovu, naziweka ndani ya mfuko wa nailoni na kuzizamisha kwenye tanki la maji. Unga wa chuma wote unakwenda pale. Ukitaka kusafisha, unautoa mfuko nje, unachomoa sumaku, unga unaanguka wenyewe.

Nyundo_Nzito: Hiyo ya mfuko nimeipenda. Na mkuu, nimepata haidroliki 32, galoni nzima. Samahani kwa jana.

Mwandishi: Hamna shida. Chujio uliliosha?

Nyundo_Nzito: Chujio gani?