Somo: Kiingereza cha kueleza wizi na usalama wa mji

Jambo wote. Wengi wetu hapa Lubumbashi tunaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia tuna Kiingereza cha kununua: bei, mzigo, risiti. Mtu akiibiwa Chililabombwe au Kitwe, polisi akamuuliza kilichotokea, maneno yanamwishia. Hapo anachukua neno la Kifaransa na kulitamka Kiingereza. Katika mambo ya uhalifu njia hiyo ni ya hatari, maana neno moja linaweza kumtoa mtu kwenye ushahidi likamtia kwenye kosa. Ndiyo sababu somo hili halianzi na orodha ndefu ya kukariri. Tunaanza na nani alimfanyia nani nini.

Hatua ya 1: Jua ni wizi wa namna gani

Sisi tukisema wizi, tumemaliza. Kiingereza kinataka zaidi. "Theft" ni kuchukua mali ya mtu, basi. Nguvu au vitisho vikiingia, inakuwa "robbery". Mwizi akiingia ndani ya nyumba au duka, ni "burglary". Anayekuchomolea simu katika msongamano wa soko la Mzee ni "pickpocket". Anayekuvamia njiani na kukunyang'anya, kitendo chake ni "mugging".

Tofauti hizi zimo ndani ya sheria. England, Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 inazitenga "robbery" na "burglary" katika vifungu viwili, cha 8 na cha 9. Zambia, inayotuhusu zaidi, sheria ya jinai inaangalia hata saa: kuvunja nyumba ya watu mchana kunaitwa "housebreaking", usiku ndiyo "burglary". Ukiripoti huko, taja saa mapema.

Hatua ya 2: Shika vitenzi viwili

"Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa. "Rob" hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa. Sema "They stole my phone" au "They robbed me". Kosa ninalolisikia sana kwa wanafunzi ni "I was stolen my phone". Linatoka kwenye "nimeibiwa simu", sentensi safi kabisa kwetu, lakini Kiingereza kinaikataa. Sahihi ni "My phone was stolen". Andika sentensi hizi tatu kwenye daftari na uzisome kwa sauti mpaka zitoke bila kufikiri.

Hatua ya 3: Ogopa maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza

Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo watu wetu wanapojiumiza.

Kifaransa "j'ai assisté à un vol" ni kusema nilikuwepo, niliona wizi ukitendeka. Mtu akigeuza, anasema "I assisted a robbery", na polisi anasikia kwamba aliwasaidia wezi. Shahidi anasema "I witnessed a robbery", au kwa urahisi, "I saw it happen".

"Arrêter" ina maana mbili, kusimamisha na kukamata. Kiingereza kimezigawa. Polisi wa barabarani akikusimamisha pale Carrefour, njiapanda ya hapa mjini, aangalie karatasi za gari, sema "The police stopped me". Ukisema "The police arrested me", umetangaza kwamba ulikamatwa. Fikiria dereva anayeomba kazi kwenye kampuni ya madini, anaulizwa kwa nini amechelewa, naye anajibu hivyo.

"Injurier" ni kutukana, lakini "injure" ni kujeruhi. Aliyekutukana, "He insulted me". "Évidence" ni jambo lililo wazi, lakini "evidence" ni ushahidi, ile "preuve" tunayoijua. Na barabara yenye usalama, ile "sûre" ya Kifaransa, kwa Kiingereza si "sure", ni "safe".

Hatua ya 4: Eleza mtaa wako

Maneno machache yanatosha. Taa za barabarani ni "street lights", njia yenye giza ni "poorly lit", umeme ukikatika ni "power cut". Mahali penye watu wengi ni "crowded", pasipo na mtu ni "deserted". Doria ni "patrol". Tunga sentensi ya kwako: "Our street in Katuba is poorly lit, so we walk home in groups."

Hatua ya 5: Usimhukumu mtu kabla ya korti

Anayeshukiwa ni "suspect". Aliyeshtakiwa ni "the accused". Aliyehukumiwa kuwa na hatia, "He was convicted". "Thief" ni tuhuma nzito. Usimtupie mtu ambaye umesikia tu habari zake. Umati ukimpiga kijana kwa sababu mtu mmoja amepiga kelele za mwizi, hiyo inaitwa "mob justice", na ni uhalifu kamili. Tuliseme hivyo katika kila lugha tunayojifunza.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anauza vitenge:* Mwalimu, nikifika polisi upande wa Zambia, nianze na neno gani?

Mama, anza na "I would like to report a theft". Kisha mahali, saa, na kitu. Maelezo yako yanayoandikwa, yale tunayoita PV, kwa Kiingereza ni "statement". Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe: "Could you read it to me, please?" Usione haya kuomba hivyo. Hilo ni jina lako linalowekwa pale.

*Kijana wa Ruashi, mlinzi:* Mkubwa wangu, "safety" na "security" si zote ni usalama?

Mdogo wangu, mgodini zinatengana vizuri. Kofia, buti na ajali ni mambo ya "safety". Uzio, geti na wezi wa shaba ni mambo ya "security". Wewe kazi yako ni "security guard".

*Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi:* Tufuate Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza?

Kwa kuvuka mpaka, cha Uingereza kiko karibu zaidi na cha Zambia. Kamera za ulinzi Uingereza huitwa "CCTV", Marekani mara nyingi "security cameras". Simu ya dharura Uingereza ni 999, Marekani 911. Makosa makubwa na madogo, "felony" na "misdemeanor", yangali kwenye sheria za Marekani na Zambia. England iliuacha mgawanyo huo mwaka 1967.

*Baba mmoja wa Kampemba:* Watoto wananisahihisha nikisema "thief". Natoa "sif".

Baba, weka ncha ya ulimi katikati ya meno, kisha pulizia. Ni ile sauti unayoisikia redioni mtangazaji wa Dar es Salaam akisema "thamani". Wezi wakiwa wengi ni "thieves", na hapo ile "f" inageuka "v". Jaribu mara chache asubuhi mbele ya kioo, taratibu, ulimi uonekane.